Aliyefunga Kitambaa

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzee wako naye mpelekee shikamoo yake hukohuko kwenye pampu ya maji, na upaze sauti, maana najua mashine ikinguruma hasikii kitu. Mimi mzima. Nakula, nalala, nimenenepa mashavuni tu, kwingine kote bado mti wa kuanikia nguo. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, kichwa kitupu kama cha babu, hana hata unywele. Shemeji anasema zitaota. Nimemwambia babu naye aliambiwa hivyohivyo. Hajacheka.

Ile kamusi uliyoniachia nimeimaliza. Inaanza vizuri, katikati inachosha, mwishoni anatokea zuzu, basi. Sasa nasoma magazeti yanayokuja yamefungia sabuni. Yana miezi, lakini kwangu mimi ni mapya.

Haya, sikia. Hapa dobi wamenitoa kwenye kukunja mashuka, wameniweka pasi kubwa. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini acha nikueleze nilivyoiona, kwa sababu miaka yote ile ulikuwa ukirudi nyumbani hutaki hata kuitaja. Zile rola mbili, kila moja ndefu kama kitanda, zinazunguka zimekumbatiana, na zina moto hata tone la jasho likidondoka linalia tsss. Mbele yake kuna kile chuma chembamba. Ubavuni kuna maandishi yamefifia, nimeyasugua kwa kucha mpaka yakasomeka: mkono ukigusa chuma, mashine inasimama yenyewe. Safi kabisa! Aliyeitengeneza alikuwa na akili, na alikuwa na mama. Ila kwetu chuma hakigusiki. Kimevutwa juu kikafungwa kwa kitambaa, kipande cha shuka kuukuu. Kila asubuhi anayefika wa kwanza anakifunga, kama mtu anayefungua dirisha.

Nikauliza kwa nini. Mama Pacha, yule anayesimama pembeni yangu, akanijibu huku anaendelea kulisha shuka:

“Kisipofungwa, kila pindo nene likipita mashine inasimama. Ikisimama, unangoja. Ukingoja, mikokoteni yako ya mashuka ya siku haiishi. Isipoisha, Bwana Saa anakupeleka chumba cha sabuni. Una swali jingine?”

Nikasema ninalo.

“Basi lifunge nalo.”

Na mkaguzi je? Hapo ndipo nilicheka mpaka nikakasirika. Mlinzi akimwona getini anapiga kengele mara mbili. Kengele mbili, mtu anavuta fundo, kitambaa mfukoni, chuma kinashuka, wote tumetulia kama picha ya harusi. Mkaguzi anapita, anaandika “sawa”, anakwenda kunywa soda ofisini kwa meneja wetu Bwana Saa. Akitoka, kitambaa juu. Wale wamama wa kukunja wanaliita lile fundo “la Mwalimu”. Nikiwauliza mwalimu gani wananitazama usoni, wanachekeana, wananiambia nichape kazi.

Mimi nitasema. Mkaguzi akija tena namwambia mbele ya watu wote. Kwani mdomo nimepewa wa kupulizia chai? Niambie wewe enzi zako ulikuwa ukifanyaje.

Mwanao,
Redio

29 Machi

Mwanangu Redio,

Marahaba, na Mzee anasema marahaba kwa sauti ambayo nadhani umeisikia huko huko uliko. Barua yako ilikaa siku tisa kwa dereva wa lori la mabomba, eti aliisahau chini ya kiti. Imefika na alama ya kiatu. Nimekusoma hivyohivyo umekanyagwa.

Hapa hatujambo. Magoti yangu yananiamsha kabla ya jogoo. Mzee sikio la kushoto sasa limefunga kabisa, kwa hiyo ugomvi wetu wote naufanyia upande wa kulia. Mwambie mke wa kaka yako asimpake mtoto dawa yoyote ya nywele. Amwache.

Kuhusu kazi. Fanya kazi. Bwana Saa mimi ndiye niliyemwendea, akakuchukua bila kukuuliza cheti, na cheti huna. Mambo ya vitambaa tuliyakuta na nyinyi mtayaacha. Ukiwa kwenye pasi shika pindo kwa ncha za vidole, usivae pete, mikono ya gauni ikate iwe mifupi. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Mkaguzi ana kazi yake, wewe una yako.

Nakutumia soksi, nimezifuma mwenyewe.

Shangazi yako

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya magoti. Soksi zimefika, moja ndefu kuliko mwenzake, nimezivaa hivyohivyo na nimeringa. Mtoto ameota nywele tatu. Kaka anamwonyesha kila anayepita uani.

Nimesema! Kaa chini nikusimulie.

Jumanne ya wiki iliyopita, kengele mara mbili. Mama Pacha akavuta fundo, kitambaa mfukoni. Mkaguzi akaingia, kafupi, kalamu tatu kifuani, Bwana Saa pembeni yake anamfungulia njia kama anamsindikiza mgeni rasmi. Wakafika kwetu. Mimi moyo unadunda mpaka kwenye meno. Nikapaza sauti:

“Mheshimiwa, waulize kwa nini kengele imepigwa mara mbili!”

Rola zinaunguruma lakini alisikia. Kila mtu alisikia, hata wale wa mlango wa mvuke waligeuka. Bwana Saa akacheka.

“Huyu tunamwita Redio, mheshimiwa. Haina pa kuzimia.”

Mkaguzi akaniambia, “Binti, malalamiko yanaletwa kwa maandishi.”

“Naweza kuandika sasa hivi. Niazime kalamu moja, unazo tatu.”

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kanga. Yeye akainama akatazama chuma. “Naona kipo chini. Kipo mahali pake.”

“Kipo chini kwa sababu kitambaa kipo mfukoni mwa…”

Nikaishia hapo, Shangazi. Mfuko ulikuwa wa Mama Pacha. Nilimtazama, rangi imemtoka. Nikalimeza jina lake. Mkaguzi akangoja kidogo, akaandika “sawa”, wakaenda kwenye soda yao.

Kesho yake asubuhi nikakuta jina langu liko ubaoni: chumba cha sabuni. Wewe unakijua. Maji ya magadi mpaka kwenye viwiko, mvuke hauna dirisha. Siku ya tatu vidole vyangu vilianza kuchanika kwenye maungio, sasa hivi naandika nimekamata kalamu kwa ngumi kama mtoto wa chekechea, ndiyo maana mwandiko unatembea. Wenzangu hawaniongeleshi. Nikipita na ndoo wanahama njia. Ni Mama Pacha peke yake aliyekuja mlangoni.

“Ungetaja mfuko wangu,” akasema, “ningekumeza mzima bila maji.”

Halafu akanipa glovu zake. Zina matundu, lakini ni glovu.

Sijuti. Nitaandika hayo maandishi wanayoyataka. Wewe niambie tu: ulipokuwa pale, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusema?

Redio

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Nenda ofisini kwa Bwana Saa ukamwombe radhi. Mwambie ni utoto, mwambie umetumwa na mimi. Atakurudisha kwenye kukunja. Usiandike kitu chochote kwa mtu yeyote.

Nimemtuma dereva na kopo la mafuta ya mgando. Paka mikono asubuhi kabla hujaingia, siyo baada ya kutoka. Wengi wanakosea hapo.

Shangazi yako

3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Kaka, shemeji, watoto, wote wazima.

Mafuta hayajafika, barua imefika bila kopo.

Mama Pacha ameumia. Ilikuwa Jumatano, wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, kabla ya chai. Shuka lilijikunja likiingia, akapeleka mkono wa kulia kulinyoosha, kama tunavyofanya wote mara ishirini kwa siku. Rola zikashika pindo, pindo likashika vidole. Swichi ya kuzima mashine iko ukutani karibu na mlango. Nimekwenda kupima baadaye, ni hatua kumi na nne. Aliyekimbia alikimbia kweli, sina la kumlaumu. Ila chuma kingekuwa chini, mashine ingesimama kabla kucha haijaungua.

Hospitali wamemkata chini kidogo ya kiwiko.

Nilikwenda kumwona. Amekaa kitandani, pacha mmoja kila upande, wana miaka saba, wanabishana nani amfungulie chupa ya maji. Akaniambia, “Redio, mbona umezimika? Sema kitu.” Nikaichukua ile chupa nikaifungua mimi.

Sasa sikia walichokifanya. Kampuni imeandika karatasi: “Mfanyakazi alifunga kifaa cha usalama mwenyewe, kinyume cha kanuni, bila uongozi kujua.” Wamama watatu wa kukunja wametia sahihi kwamba ndivyo. Kwa hiyo ni uzembe wake. Kwa hiyo ameachishwa kazi. Na kwa sababu si mfanyakazi tena, chumba cha kampuni anachoishi na wanawe atakirudisha. Mkono umekwenda, sasa na chumba.

Nimempeleka kwenye baraza la kazi, nimemwandikia malalamiko mimi mwenyewe, kurasa nne, karani akasema hajawahi kuona malalamiko yenye vichwa vya habari. Watasikiliza tarehe 11 Agosti. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu: mtu aseme kwamba uongozi ulijua, na ulijua siku nyingi. Walio ndani wanaogopa. Wewe huko hawakufikii. Ulikaa pale miaka kumi na sita. Andika tu ulichokiona kwa macho yako, Shangazi. Ukurasa mmoja. Chumba chake kinaning'inia hapo.

Redio

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima isipokuwa Mzee ameteleza kwenye ngazi za tangi, ubavu umevimba, lakini hakuvunjika. Pampu iliharibika siku tano, watu wakaja hapa na ndoo kututukana sisi kana kwamba maji tunayanywa wenyewe. Lori nalo lilikuwa halipiti, ndiyo maana nimechelewa.

Mpe pole huyo mama. Mwambie awe anafanya mazoezi ya mkono wa kushoto mapema, asingoje.

Mimi sikuona kitu. Nilikuwa natazama kazi yangu. Halafu macho yangu siku hizi barua moja inanichukua siku nzima, hayo ya mabaraza siyawezi. Na Bwana Saa alinifanyia wema mwingi nilipokuwa na shida, sina mdomo wa kumsema.

Na wewe umeniandikia kurasa tatu za ajali, hatua kumi na nne, saa nne kabla ya chai, kila kitu. Hukuandika Mama Pacha alikuwa amesimama nafasi ya nani.

Shangazi yako

10 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Nafasi yangu. Haya, nimesema. Mimi ndiye niliyekuwa nalisha upande ule wa kulia, yeye alikuwa analisha kushoto. Waliponipeleka kwenye sabuni wakamsogeza. Nisingefungua domo langu siku ile ya mkaguzi, mkono ungekuwa wangu au usingekuwa wa mtu. Kila siku natazama vidole vyangu vilivyochanika, nahesabu vyote kumi, naona aibu. Umeridhika? Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniambia si nilikuambia.

Sasa zamu yako.

Jana yule mama mkubwa wa kukunja, mwenye kidoti cha dhahabu kwenye jino, aliingia chumba cha sabuni na ndoo ambayo haikuwa na kitu ndani. Ni mmoja wa wale watatu waliotia sahihi. Akasimama anajifanya anakinga maji. Akasema bila kunitazama, “Unahangaika kutafuta mtu wa kusema. Muulize shangazi yako. Sisi wote alitufundisha yeye. Kwani Mwalimu unadhani ni nani?”

Nikamwambia mwongo. Nilimwambia mengine pia, ambayo kwenye kamusi hayamo. Hakukasirika. Akajaza ndoo yake, akatoka.

Nimeitoa barua yako ya Machi. “Mambo ya vitambaa tuliyakuta.” Umeandika wewe, kwa mkono wako. Mliyakuta au uliyaleta? Sitaki habari za magoti wala za pampu. Nijibu hilo tu. Na kama ni kweli, basi wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba Bwana Saa alijua. Na umekaa juu ya hilo jambo kama kuku, huku mtu mwenye mkono mmoja anafunga vyombo vyake kwenye shuka.

Miaka yote uliniita Redio mbele za watu mkacheka. Angalau mimi nasema.

Redio

28 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Niliyaleta.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Mzee ameisoma pia. Ameniambia, “Mpe mtoto jibu lake,” akaenda kwenye pampu. Basi nakupa.

Nilipoanza pale ulikuwa na mwaka mmoja. Baba yako tumemzika, mama yako hayupo, kaka yako alikuwa kwa wajomba zake. Wewe nilikuwa nakuacha kwa jirani, mwanamke mzuri lakini ilipofika saa tisa alikuwa anakwenda kwenye kibarua chake, na alikuwa anakuacha umefungiwa ndani, umekaa sakafuni. Nilikuwa nikimaliza mikokoteni saa kumi na nusu. Saa moja na nusu kila siku, mtoto wa mwaka mmoja na mlango umefungwa. Nikifika nakukuta umelia mpaka huna sauti, unafungua mdomo hakitoki kitu.

Ile pasi ilikuwa inasimama kila pindo. Nikaitazama wiki nzima. Siku moja nikachana kipande cha shuka, nikavuta chuma, nikafunga. Siku hiyo nilimaliza saa nane na robo. Nilikimbia njia nzima.

Bwana Saa wakati ule alikuwa kijana, kazi yake kusimama na saa mkononi kuandika nani amemaliza lini. Siku ya pili akaja akaona. Nikajua nimekwisha. Akakipapasa kitambaa, akacheka, akasema, “Mama, umetununulia mashine mpya bure.” Akawaita wengine wote, akaniambia niwaonyeshe fundo. Akanifanya kiongozi wa meza. Baada ya mwezi akapanga mikokoteni iwe mingi zaidi, kwa sababu sasa inawezekana. Kwa hiyo aliyetaka kuacha kufunga asingeweza tena. Kengele ya mara mbili ni yeye aliyemwagiza mlinzi, nilikuwepo, nilisikia.

Miaka kumi na sita hakuumia mtu isipokuwa kuungua hapa na pale, nikajiambia Mungu amenisamehe. Ulivyoniandikia kwamba wanaliita la Mwalimu niliiweka barua yako kwenye sanduku, nikaifunika na nguo.

Hilo la nafasi yako lisikutafune. Wewe ulisema ili mtu asiumie. Mimi nilinyamaza nikijua.

Nimeandika kwa baraza. Nimetia dole gumba na sahihi, Mzee ametia yake kwamba ni mimi. Dereva nimemwapisha, ataipeleka kwa mikono yake mpaka kwa karani. Ni kurasa mbili. Wa kwanza nimesema langu: mimi ndiye wa kwanza kufunga, mimi ndiye niliyewafundisha, Mama Pacha hana kosa. Wa pili nimesema la Bwana Saa, yote, na maneno yake kama yalivyotoka. Mzee alinishauri nianze na la Bwana Saa. Nikakataa. Sitaki mtu aseme nimejificha nyuma ya kosa la mwenzangu. La kwangu kwanza, ndipo lake.

Leo nimekula nikashiba.

Shangazi yako

12 Agosti
(Hii sikuituma.)

Shangazi,

Shikamoo. Sijui hata kwa nini naandika shikamoo, najua hii haiji kwako.

Barua yako ilifika. Dereva alisimama nayo kwa karani mpaka ikapigwa mhuri. Nilijua tumeshinda. Nilimwambia Mama Pacha asifunge vyombo, nilimfungulia mzigo mmoja kwa mikono yangu, nikarudisha sufuria mezani.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, mabenchi yana namba, feni moja inazunguka na nyingine imening'inia tu. Mwenyekiti wa baraza mtu mzima, ana mafua, leso haimtoki mkononi. Bwana Saa amekaa mbele na wakili wa kampuni. Mama Pacha alivaa gauni la mikono mirefu, mkono mmoja ameukunja akaubana kwa pini. Nikajipa moyo: watu hawa wana macho.

Karani akasoma ukurasa wako wa kwanza. Alisoma vizuri, polepole. “Mimi ndiye mtu wa kwanza kufunga kile chuma. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kufunga.” Alipofika mwisho wa ukurasa akalowesha kidole ili afungue wa pili. Wakili akasimama.

“Mheshimiwa, nadhani inatosha. Shahidi wa mlalamikaji mwenyewe anasema wafanyakazi ndio walioanza, na ndio waliofundishana. Ndicho tulichokisema sisi tangu mwanzo.”

Mwenyekiti akapenga kamasi. Akasema, “Naona hivyo.”

“Kuna ukurasa wa pili!” Nilikuwa nimeshasimama.

“Binti, kaa.”

“Usomwe wa pili! Karani, si unao hapo mkononi? Usome!”

Wakili akauchukua, akaupitisha macho, hata nusu dakika haikufika. “Haya ni maneno ya chuki binafsi, mheshimiwa. Mambo ya miaka ishirini iliyopita, baina ya watu wawili, hayana shahidi.”

Nikaanza kuusema kwa kichwa, Shangazi. Barua yako kwangu nilikuwa nimeikariri. Nikasema kijana wa saa alipapasa kitambaa akacheka, nikasema mashine mpya bure, nikasema kengele. Nilisema kwa sauti ya kusikika barabarani. Askari wa mlangoni alinishika mkono, taratibu tu, kama anamtoa mlevi msibani. Bwana Saa hakugeuka hata mara moja. Nilisema mpaka nje. Nilisema nikiwa nje, mlango umefungwa, watu wanaongoja kesi zao wananitazama.

Wameandika uzembe.

Mama Pacha alitoka baada ya robo saa. Akasimama mbele yangu.

“Yule wa barua ni shangazi yako?”

“Ndiyo, lakini ukurasa wa pili…”

“Ulijua?”

“Nilijua juzi tu. Alikuwa anakutetea, Mama Pacha, ameandika huna kosa…”

“Yeye alifunga,” akasema. “Wewe ukapiga kelele ukahamishwa. Mimi nikawekwa pale. Nyie ukoo wenu mna nini na mimi?”

Hakusema kwa ukali, angenitukana ningeshukuru. Akaniomba nimrudishie glovu zake. Nilikuwa nazo begani kwenye mfuko. Akazichukua zote mbili, akaenda.

Leo wamehama. Hawakungoja hata mwisho wa mwezi. Wako kwa dada yake, nyuma ya ghala la chupa, watu saba chumba kimoja. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Pacha mmoja aliniona akanipungia, mwenzake akamshusha mkono.

Ungeanza na la Bwana Saa. Mzee alikuambia. Ungeanza tu na la Bwana Saa, karani angesoma hilo kwa ile sauti yake nzuri, watu wote wakasikia, halafu ndipo wangekukatiza. Lakini nani akuambie hivyo? Umekaa na jambo miaka ishirini, umelitoa, umekula ukashiba. Mimi niliyekuita kuku, mimi niliyekulazimisha, ndiye nikuandikie kwamba ulichokisema ndicho walichomfukuzia?

14 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mzee. Nyumbani wote wazima.

Barua yako ilifika kwa wakati na ilisomwa mbele ya wote. Karani alisoma vizuri sana. Ilisaidia.

Mama Pacha anaendelea vizuri, anakushukuru.

Mikono yangu imepona kidogo. Tunza magoti.

Redio

5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mzee ubavu umepoa, amerudi kupanda ngazi zake ingawa nimemkataza.

Barua yako nimeipokea Jumatatu. Nimeisoma mara moja nikaigeuza, nikadhani nyuma kuna kitu. Nikaichungulia bahasha. Hujawahi kuniandikia barua nikaimaliza nimesimama. Ukiwa na homa ulinijazia kurasa mbili kuhusu homa.

Kisha unasema “anakushukuru”. Mtu aliyekatwa mkono kwa fundo langu hawezi kunishukuru, mwanangu. Angeweza kunitukana, au asinitaje kabisa. Hiyo shukrani umeishona mwenyewe, na mshono unaonekana: hukutaja chumba chake, hukutaja ukurasa wa pili, basi nimejua vyote vimepotea.

Sikulaumu. Najua ulichokuwa unafanya, nimekifanya miaka ishirini, na nilikuwa nakifanya kwa mapenzi hayohayo. Nilikuwa narudi nyumbani nakwambia kazi nzuri.

Lori linashuka Alhamisi ya wiki ijayo na dereva amenipa nafasi mbele. Mzee nimempikia vya siku sita. Sitakaa kwa kaka yako, nitalala popote. Nakwenda kwa yule mama, anitazame usoni, aseme analotaka kusema, hata kama ni mbele ya majirani, hata kama ni siku nzima. Sitamjibu. Kisha nitakwenda getini kwa Bwana Saa, nisimame pale wanapotokea zamu, niuseme ule ukurasa wa pili mpaka waniondoe. Najua hautarudisha kitu.

Usiniandikie anaendeleaje. Nijibu kwa dereva huyuhuyu, anageuza kesho kutwa: wamemhamishia wapi?

Shangazi yako